Roboti na Mzani: Utayarishaji Otomatiki wa Miyeyusho Sanifu katika Upimaji wa Sumukuvu

Mwaka 2004 watu 317 waliugua nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Viwango vya Afrika Mashariki sasa huruhusu maikrogramu 10 tu za jumla ya sumukuvu katika kilo moja ya mahindi, na 5 za aina ya B1. Maabara ndiyo huamua shehena ipi ipite. Hata hivyo, mashine ya kromatografia haiwezi kutaja kiasi cha sumu mpaka ifanyiwe ugezi kwa miyeyusho sanifu ambayo ukali wake unajulikana. Makala haya yanadai kwamba kumkabidhi roboti utayarishaji wa miyeyusho hiyo kunafaa pale tu anapopima kwa uzito na kuweka kumbukumbu ya kila hatua.

Kwa kawaida mtaalamu huzimua myeyusho mama, yaani ule mkali wa kuanzia, kwa pipeti, hatua baada ya hatua. Kasoro ndogo hurithiwa. Pipeti ikipunguza asilimia 1 katika kila hatua, baada ya hatua tano myeyusho utabaki na asilimia 95.1 ya ukali ulioandikwa kwenye lebo. Mahindi yenye maikrogramu 9.6, yakilinganishwa na myeyusho huo, yatasomeka 10.1, na mkulima atakataliwa mazao yaliyo halali. Chupa ikifunguliwa mara kwa mara, hali hugeuka: kiyeyushi huvukiza, myeyusho huwa mkali kuliko lebo yake, na mahindi yenye sumu hupita kama salama.

Wanaotetea roboti wa pipeti husema kwamba mkono wake hauchoki wala hautetemeki. Ni kweli, tena anampunguzia mtaalamu hatari ya kugusa kemikali inayosababisha saratani. Lakini uthabiti si usahihi. Roboti mwenye pipeti yenye kasoro huirudia kasoro ileile kwa uaminifu, na marudio yanayokubaliana hutupa imani tusiyostahili kuwa nayo. Mstari wa ugezi, unaounganisha ukali wa miyeyusho sanifu na usomaji wa mashine, nao hautuokoi hata ukinyooka: myeyusho mama ukikosewa kwa asilimia 5, nukta zote huhama kwa uwiano mmoja na mstari hubaki umenyooka.

Mzani hutatua sehemu kubwa ya kasoro za pipeti. Asetonitrili, kiyeyushi cha miyeyusho hii, hutanuka kwa takriban asilimia 0.14 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Myeyusho uliothibitishwa kwa nyuzi 20, ukinyonywa kwa pipeti katika chumba chenye nyuzi 30, hutoa sumu pungufu kwa karibu asilimia 1.4. Uzito haubadiliki kwa joto. Zaidi ya hayo, roboti anayepima kila tone huandika kiasi kilichoingia kweli, si kile alichoagizwa kuingiza, na hivyo kusaidia kutimiza sharti la kiwango cha maabara cha ISO/IEC 17025 kwamba matokeo yafuatilike hadi kwenye vipimo rejea.

Mzani nao hauwezi kugundua myeyusho mama uliokosewa tangu kwa muuzaji. Kwa hiyo kila mstari wa ugezi uhakikiwe kwa myeyusho wa chanzo kingine, hata pale roboti anapofanya kazi yote. Maabara yenye bajeti finyu ianze na mzani mzuri na chanzo hicho cha pili, kisha roboti afuate. Mpangilio huo ndio unaomlinda mlaji na mkulima kwa pamoja.