Ari ya Fasihi Darasani: Tulikotoka Hapa Eldoret tangu 1985

Mwalimu mwenzangu, bila shaka nawe umewahi kuingia Kidato cha Tatu alasiri, kipindi cha mwisho, ukiwa na tamthilia mkononi, ukawakuta wanafunzi hamsini wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Unauliza, "Mwandishi ana dhamira gani katika onyesho hili?" Kimya. Kisha sauti moja kutoka nyuma inatamka jibu refu, fasaha, lililopangika kwa hoja tano. Unalitambua papo hapo, kwa sababu jana usiku ulilisoma katika mwongozo ule ule alio nao yeye. Mtahiniwa anafurahi kwamba amejibu. Wewe unafurahi kwamba umejibiwa. Lakini mchezo wenyewe haujasomwa na yeyote kati yenu.

Makala haya yananuia kuitazama hali hiyo kihistoria. Wengi wetu huizungumzia ari ya darasani kana kwamba ni kipawa: fulani anacho, fulani hana. Mimi naona kwamba ari ina historia. Imekuja na kuondoka katika madarasa yetu kwa sababu zinazoweza kutajwa, na anayezijua sababu hizo hatajilaumu bure, wala hatawalaumu wanafunzi bure.

Tuanze na lazima. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikarudia wito huo kwa mkazo zaidi. Hata hivyo, mtoto aliyefanya CPE hakutahiniwa Kiswahili, na wewe unajua somo lisilotahiniwa huishia wapi: kipindi chake hupewa hisabati. Ni mfumo wa 8-4-4, uliotokana na ripoti ya Mackay ya 1981 na kuanzishwa 1985, uliokifanya Kiswahili kiwe cha lazima na cha kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. KCPE ya kwanza ilifanywa mwaka uo huo wa 1985, na KCSE ya kwanza ikafuata 1989.

Ripoti hiyo hiyo ya Mackay ndiyo iliyotuletea Chuo Kikuu cha Moi hapa kwetu mnamo 1984. Chuo kilianza na wanafunzi 83 tu wa taaluma ya misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. (Kuna siku huwa nawatania wenzangu kwamba Kiswahili cha Eldoret kilipandwa na watu wa miti.) Baadaye idara ya Kiswahili ya chuo hicho ililea walimu wengi wanaofundisha leo katika shule za Uasin Gishu, Nandi, Trans Nzoia na Elgeyo Marakwet. Lakini walimu hao hawakupatikana siku moja. Kwa miaka mingi baada ya 1985, somo lilikuwa la lazima na waliosomea kulifundisha walikuwa haba. Mwalimu wa historia au wa dini alipewa kitabu cha fasihi, akaambiwa, "Wewe si unaongea Kiswahili?" Akaingia darasani na woga wake, na woga huambukiza upesi kuliko mafua.

Hapo ndipo mwongozo ulipopata nguvu. Siku hizi ni desturi kuulaani, nami nimeulaani mara nyingi katika mikutano yetu. Lakini tuwe waadilifu. Mwalimu asiyewahi kufundishwa kuchambua mtindo wala kutofautisha dhamira na maudhui alishikilia mwongozo kama mtu aangukaye mtoni anavyoshikilia unyasi. Waliotaka zaidi walipata msaada wa maana mwaka 1999, Kimani Njogu na Rocha Chimerah walipochapisha *Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu*. Ni kitabu kilichozungumza na mwalimu juu ya kazi yake, si juu ya majibu ya mtihani tu. Tatizo ni kwamba mwongozo ulikuwa rahisi kununua, mwembamba, na mwanafunzi naye aliuona. Mara tu mwalimu na mwanafunzi walipoanza kunywa katika kisima kimoja cha majibu, hapakuwa tena na haja ya kuulizana swali.

Kulikuwa pia na kizuizi kingine, nacho ni cha hapa kwetu hasa. Eldoret ni mji wa Kiswahili tangu zamani. Hata jina lake la mtaani, Sisibo, ni namba 64 ya shamba la walowezi iliyopitia vinywa vya wenyeji. Katika masoko na mitaa ya Langas, Huruma na Munyaka, watu wa makabila mengi huuziana, hutaniana na kugombana kwa Kiswahili. Lakini hicho si Kiswahili cha karatasi ya tatu. Mtoto wa Kikalenjin ambaye lugha yake haitenganishi maana kwa tofauti ya p na b, wala t na d, wala k na g, alisimama kusoma kwa sauti, akasema "pahati" badala ya "bahati", darasa zima likacheka. Mwenzake wa Kikuyu akabadilisha l na r, likacheka tena. Aliyechekwa mara mbili hakuinua mkono mara ya tatu. Na tusisahau kile kibao alichovishwa mwanafunzi aliyepatikana akizungumza lugha ya nyumbani siku ya Kiswahili. Tulidhani tunakuza lugha, kumbe tulikuwa tunafundisha kunyamaza. Naandika hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nilikigawa kibao hicho kwa miaka kadhaa, na kwa moyo mkunjufu.

Je, ari ilirudi lini? Kwa kumbukumbu yangu, ilirudi pale kitabu kilipokaribia nyumbani. *Siku Njema* ya Ken Walibora ilitoka 1996, na baadaye ikateuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anazaliwa Tanga, na safari ya kumtafuta baba yake inamleta hadi Kitale. Hebu fikiria maana ya jambo hilo kwa darasa la Eldoret. Mpaka hapo fasihi ya Kiswahili ilikuwa ya Unguja, ya Tanga, ya Mombasa. Mahali pa minazi na majahazi ambapo wengi wa wanafunzi wetu hawajawahi kufika. Ghafla riwaya inaingia katika bonde lao, katika nchi ya mahindi, kwenye mji ambao matatu zake hujaa abiria hapo stendi kila asubuhi. Na mwandishi mwenyewe alikulia Cherangani. Wanafunzi walianza kubishana juu ya njia: angepitia wapi, angelala wapi, nauli ingekuwa kiasi gani. Ubishi huo haumo katika mwongozo wowote. Mwanafunzi aliyeandika insha nzuri akapewa na wenzake jina la Kongowea, na nimesikia jina hilo likiitwa katika shule nyingi. Walibora alipofariki Aprili 2020, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima sasa, ndio walionipigia simu kunipa pole, kana kwamba nimefiwa na ndugu.

Kisha ukaja mwaka 2008. Wewe uliyekuwa hapa huhitaji kusimuliwa, ila mtahiniwa wa leo hakuwa amezaliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuawa na nyumba kuchomwa katika viunga vya mji huu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Maelfu walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Shule zilifunguliwa kwa kuchelewa, na zilipofunguliwa, madawati mengine yalikuwa matupu, na waliokuwapo hawakuketi kama walivyoketi Novemba. Mwaka huo huo serikali ilianza kugharimia karo ya masomo katika shule za kutwa, na madarasa yakaanza kufurika. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na wanafunzi wengi zaidi, walioaminiana kidogo zaidi.

Kidato changu cha Tatu kilikuwa na *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia, tamthilia iliyochapishwa 2001. Unaikumbuka: nchi ya Butangi, Mtemi Bokono anayehodhi visima, Mwelusi anayewapigania wanyonge, na Gege, nduguye Mwelusi, anayeshawishiwa kumuua kwa ahadi ya kuozwa binti ya mtawala. Desturi yangu ilikuwa kugawa sehemu za wahusika na kusoma kwa sauti. Nilipofika kwa Gege, hakuna aliyetaka kumsoma. Nilimteua mvulana mmoja, akakataa kwa adabu. Nikamteua mwingine, akatazama dirishani. Ikanibidi nimsome Gege mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nikitetemeka sauti.

Baada ya onyesho hilo msichana mmoja aliuliza swali ambalo sijalikuta katika karatasi yoyote ya mtihani: je, Gege alimchukia nduguye kabla ya kuahidiwa mke, au chuki ilikuja baada ya ahadi? Tulilijadili vipindi viwili. Walioketi mbalimbali walijibizana, kwa Kiswahili, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ambayo wote wangeweza kuitumia bila mmoja kuhisi ametengwa. Hakuna aliyetaja Januari. Hakuna aliyehitaji kuitaja. Na waliposahau kuogopa kuchekwa, p na b zikajipanga zilivyoweza, wala sikusikia kicheko.

Sidai kwamba tamthilia ilipatanisha watu. Wengine katika darasa lile hawajawahi kurudi kwenye mashamba ya wazazi wao. Ninachosema ni chembamba zaidi: siku hizo mbili nilielewa kwamba bidii niliyokuwa nikiitafuta kwa vichekesho, kwa zawadi za kalamu na kwa vitisho vya mtihani ilikuwa imesubiri swali la kweli. Nawe mtahiniwa, zingatia kwamba swali la yule msichana ni swali la uhakiki kwa maana kamili. Linahusu uhusika, kichocheo cha tukio, na jinsi mwandishi alivyoipanga habari. Ukiweza kulijibu kwa ushahidi wa matini, utalijibu swali lolote la alama ishirini juu ya Gege.

Mbinu nyingine tulizozizoea nitazipitia upesi. Vikundi vya waigizaji vinavyozunguka na tamthilia teule huamsha darasa kwa siku tatu hivi; faida yake hudumu tu ikiwa mwalimu atauliza kesho yake kikundi kilibadilisha nini na kwa nini. Makongamano ya Jumamosi baina ya shule ni mazuri, ingawa mengi yamegeuka kuwa mahali pa kunakili majibu ya mgeni mashuhuri. Kusahihisha KCSE kunamfaa mwalimu kuliko semina nyingi, maana anaona kwa macho yake jinsi jibu lililokaririwa linavyofanana na mengine mia mbili na linavyokosa alama palepale yanapokosa. Uchovu wa mwalimu nao usidharauliwe: kitabu kimoja kikifundishwa miaka mitano mfululizo, hata *Kidagaa Kimemwozea* hukauka mdomoni. Dawa niliyoipata ni kuanza mahali tofauti kila mwaka, mara sura ya mwisho, mara barua au ndoto iliyo katikati, ili nami nipotee kidogo pamoja na darasa.

Mahali pa utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni fasihi simulizi, na ndipo tunapopita kwa haraka zaidi. Tunawapa wanafunzi sifa za vitendawili kwa orodha, nao wanazikariri, ilhali A. C. Hollis alikuwa ameshakusanya vitendawili vya Wanandi katika kitabu chake cha 1909, na nyanya zao bado wanavijua. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi na wakati uo huo ikaagiza lugha za wenyeji zilindwe; kwa hiyo hata kisheria kile kibao cha adhabu hakina pa kusimama.

Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni: watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE wanatarajiwa mwaka 2027. Mwaka jana niliwaagiza wanafunzi wangu wakakusanye vitendawili nyumbani, wavirekodi kwa simu za wazazi, kisha wavifasiri. Mmoja alileta kutoka Kesses kitendawili cha bibi yake, tangoch kwa Kinandi, ambacho jibu lake ni sotet. Aliandika "kibuyu". Mwenzake akapinga: kibuyu ni chochote, lakini sotet ni kile cha maziwa ya mursik, kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalumu. Wa tatu, mzaliwa wa Munyaka asiyejua neno hata moja la Kinandi, akauliza kama basi tusitafsiri, tuache sotet ilivyo na tuongeze maelezo. Wa kwanza akasema maelezo yataua kitendawili, kwa sababu msikilizaji atapewa jibu kabla ya kufikiri. Kengele ilipolia walikuwa bado wamesimama, na yule wa Munyaka alikuwa akiomba asikizishwe tena sauti ya bibi.