Almasi, Feruzi, Jasi: Maneno ya vito na maana zake nyingine Kibiti na delta ya Rufiji

Ukiulizia Almasi pale Kibiti, hakuna atakayekuonyesha jiwe. Utaulizwa: Almasi yupi? Huku, kuanzia Kibiti mjini hadi visiwa vya delta ya Rufiji, si nchi ya migodi. Almasi inachimbwa Mwadui, Shinyanga, na tanzanite inatoka Mirerani, Manyara. Lakini maneno ya vito yapo midomoni mwa watu kila siku, na mengi yanataja vitu ambavyo sonara hauzi.

Tuanze na majina ya watu. Almasi, Feruzi, Marijani, Yakuti, Johari, Lulu. Feruzi ni jiwe la buluu iliyochanganyika na kijani, marijani ni tumbawe jekundu, yakuti ni jiwe la thamani, mara nyingi jekundu. Siku hizi mtoto akiitwa Lulu au Johari watu wanafikiria uzuri, au waigizaji wa Bongo Movie. Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi. Katika nchi nyingi za Kiislamu, na huku mwambao pia, watumwa walipewa majina ya vito na manukato badala ya majina waliyozaliwa nayo. Yaani mtu aliyenunuliwa aliitwa kwa jina la kitu kinachonunuliwa.

Mfano unaojulikana ni Yaqut al-Hamawi, aliyezaliwa 1179. Aliuzwa Baghdad akiwa mtoto kwa mfanyabiashara wa asili ya Hama, Syria, na jina lake ni hilohilo yakuti letu. Baadaye aliachwa huru, akaandika kamusi kubwa ya miji na nchi. Unguja na Tumbatu zimo.

Kwa Kibiti habari hii si ya mbali. Mwaka 1873, Sultan Barghash alipofunga soko la watumwa Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, wafanyabiashara waliwatembeza kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, wakivuka Rufiji. Kapteni Frederic Elton, naibu konseli wa Uingereza, alipita njia hiyo mwishoni mwa mwaka huohuo akakutana na misafara. Hii haina maana kwamba kila Feruzi ana babu aliyekuwa mtumwa. Majina hayo yalishaenea kwa watu wa kila aina, na familia zinarithishana kwa heshima. Ila ukiyasikia, ujue yana historia ndefu kuliko uzuri wa jiwe.

Kuna pambo moja ambalo Kibiti inalo la kwake: shanga. Katika eneo la Mkukutu, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga za kioo, na mwaka 1999 akaandika kwamba ni za enzi ya Warumi. Kitabu cha wafanyabiashara wa baharini kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, kinataja bidhaa zilizoletwa Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu. Mojawapo ni mawe ya kioo ya aina nyingi. Kumbe hata wao ushanga waliuita jiwe! Rhapta yenyewe ilikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanabishana, ingawa Chami anaielekeza upande huu wa Rufiji.

Leo ukisema shanga mbele ya watu wazima wa Pwani, wengi watawaza kiunoni kwanza. Huo mshipi wa shanga unaitwa utunda. Mwali hufundishwa habari zake kwenye unyago, na rangi zake ni lugha ya chumbani: katika mafunzo mengi ya pwani, nyekundu humwambia mume kwamba mke yuko kwenye siku zake, na nyeupe kwamba ametoka. Kwa hiyo ukitaka za shingoni, sema za shingoni.

Kikuku cha mguuni nacho kimepata mzigo. Lilikuwa pambo tu, na bibi harusi wengi wamelivaa, lakini mitaani limezushiwa maneno juu ya tabia ya mvaaji. Uzushi huo hauna mzizi wowote kwenye neno lenyewe.

Masikioni ndiko kuna mchanganyiko zaidi. Jasi ni kile kisahani ambacho bibi zetu walikivaa kwenye ndewe. Leo jasi unayoisikia Barabara ya Kilwa ni madini meupe ya kutengenezea saruji, yanayochimbwa Kilwa. Kipuli ni hereni inayoning'inia, lakini fundi pikipiki akikwambia lete vipuli anataka spea. Wengine huandika vipuri, na kwenye mabango ya maduka utakutana na zote mbili. Kipini ni cha puani, na ni cha kisu pia.

Mwisho fedha. Ni madini, na ni pesa, kwa sababu pesa yenyewe iliyozunguka pwani zamani ilikuwa sarafu za madini hayo. Mwanaume wa Kiislamu asiyevaa dhahabu akitafuta pete ya fedha yenye jiwe la akiki, sonara wa siku hizi atamjibu kwa neno silva, ili wasije wakadhani wameshaanza kuongelea bei.