Reli, Meli na Kompyuta

Hapana shaka, msomaji, umepata kusoma jinsi reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilivyofika Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, nasi leo twapaita Kisumu. Lakini reli iliyoishia ukingoni mwa maji ilikuwa nusu ya njia tu. Mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931, pamba ya Buganda ilivuka ziwa kwa meli, ikapakiwa katika mabehewa gatini Kisumu. Meli ikiwahi mno, shehena hulala gatini. Ikichelewa, gari moshi huondoka bila shehena hiyo. Kwa bahati njema, meli na reli zilikuwa chini ya usimamizi mmoja, na ofisi moja iliweza kupanga nyakati za vyote viwili.

Sasa natutazame safari ya namna hiyo isiyo na msimamizi mmoja. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Mfumo huo hutolewa upya kwa vipindi, nao mara nyingi hubeba zana za waandishi wa programu: lugha kama Python, na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Wanaotunza mfumo ni kundi moja, na wanaotunza zana ni kundi jingine, kila moja na kalenda yake. Tena zana hizo si shehena tu, kwa maana sehemu nyingi za mfumo wenyewe zimeundwa kwazo. Zikibadilishwa, maelfu ya programu hayana budi kujaribiwa upya, na kazi hiyo huchukua miezi.

Historia yatuonyesha hatari mbili. Ya kwanza ni haraka. Mnamo Septemba 2000 kampuni ya Red Hat ya Marekani ilitoa mfumo wake wa Red Hat Linux 7. Toleo rasmi la kompaila ya GCC lililokuwapo, 2.95, lilikuwa la Julai 1999, wala halikuitosha kampuni hiyo. Na toleo 3.0 lilikuwa halijawa tayari. Basi Red Hat ikachukua kazi iliyokuwa bado karakanani, ikaitia ndani ya mfumo kwa jina la 2.96. Oktoba mwaka ule ule kamati ya GCC ikatangaza kwamba hilo si toleo lao rasmi. Programu za lugha ya C++ zilizoundwa kwalo hazikupatana na zile za 2.95, wala na zile za 3.0 iliyotoka Juni 2001. Wazee husema haraka haraka haina baraka.

Lakini wazee hao hao husema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hiyo ndiyo hatari ya pili. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Ubuntu, jina lililo ndugu wa neno letu "utu". Tangu hapo matoleo yake kwa kawaida hutoka Aprili na Oktoba, na moja katika kila miaka miwili hutunzwa kwa muda mrefu. Hilo ndilo huwafaa wasiopenda kubadili kompyuta zao mara kwa mara, kama vile shule na ofisi. Toleo la namna hiyo lilitoka Aprili 2018. Python 3.7 ilikuja tarehe 27 Juni, gari moshi limekwisha ondoka. Kwa hiyo mfumo ulisafiri na Python 3.6, ya Desemba 2016. Mwanafunzi wa Kisumu mwenye mfumo huo aliyefuata kitabu kipya zaidi aliweza kuandika sentensi iliyo sahihi kabisa, na kompyuta ikaikataa.

Dawa yake ilikuwa nini? Si amri ya mkubwa, kwani mkubwa hakuwapo. Mwaka 2019 watunzaji wa Python walikubaliana kwamba, kuanzia toleo 3.9 la Oktoba 2020, toleo jipya litoke kila Oktoba. Hivyo wenye mifumo waliweza kujua mapema lini wataipata, na kuijaribu miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Ubuntu ya Aprili 2022 ilichukua Python 3.10, ya Oktoba 2021. Na ile ya Aprili 2024 ilichukua 3.12, ya Oktoba 2023.

Angalia, msomaji, kwamba hakuna kundi lililolitawala jingine. Kilichofanyika ni kutangaza tarehe mapema na kuitimiza, ili wengine wapate kuitegemea. Nawe utakapofanya kazi na watu usiowaamuru wala wasiokuamuru, nao huenda wako mbali nawe kuliko Kisumu ilivyo mbali na Mombasa, uliza kwanza gari lao laondoka lini, kisha uwaambie shehena yako itakuwa tayari lini.