Nafasi ya Mkazi katika Mipango ya Mji: Maoni Hutolewa Wapi na Wakati Gani

Wakazi wengi wa mijini huanza kuuliza maswali kuhusu mpango wa eneo lao siku alama ya X inapochorwa ukutani. Kufikia siku hiyo mchoro umekwishaidhinishwa, bajeti imetengwa na pengine mkandarasi amepatikana. Kinachobaki kujadiliwa kwa kawaida ni fidia na tarehe ya kuhama. Uamuzi wenyewe, yaani barabara ipite wapi, soko lijengwe wapi na nyumba zipi zipishe, ulifanyika miezi au miaka kabla ya hapo, katika hatua ambazo sheria imeweka nafasi ya mkazi kusikilizwa.

Hatua hizo zipo katika sheria za Tanzania Bara, na kila moja ina mahali pake na wakati wake. Mkazi anayezifahamu hutoa maoni wakati mchoro bado ni rasimu, ambapo kuhamisha mstari wa barabara hakugharimu zaidi ya karatasi na kikao.

Msingi wa kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 145 na 146, inaanzisha serikali za mitaa na kuzitambua kuwa chombo cha kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali na kuzuia mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Juu ya msingi huo imejengwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, ambayo inazifanya halmashauri za majiji, manispaa, miji na wilaya kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao.

Sheria nyingine zinazohusika ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inayoeleza taratibu za urasimishaji wa makazi na vigezo vya fidia, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wanaoguswa na mradi washirikishwe.

Historia fupi

Ushirikishwaji wa wakazi katika upangaji wa miji ni jambo lililokua taratibu. Mipango kabambe ya Dar es Salaam ya mwaka 1949, 1968 na 1979 iliandaliwa na wataalamu washauri kutoka nje ya nchi, na nafasi ya mkazi wa kawaida ilikuwa ndogo. Wakati huohuo, watu waliohamia mjini walijenga makazi yao nje ya mipango hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilibadili mwelekeo wake kutoka kubomoa makazi yasiyopangwa na kuanza kuyaboresha. Kupitia mradi wa viwanja na uboreshaji wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, maeneo kama Manzese yalipatiwa barabara, maji na huduma nyingine, huku viwanja vipya vikipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni.

Hatua kubwa zaidi ya ushirikishwaji ilionekana Hanna Nassif, katika Kinondoni jijini Dar es Salaam, eneo linalopakana na bonde la Mto Msimbazi lililosumbuliwa na mafuriko ya mara kwa mara. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, wakazi waliunda chama chao cha maendeleo na, kwa ushirikiano na halmashauri, wataalamu na mashirika ya kimataifa likiwemo Shirika la Kazi Duniani, wakashiriki kuchagua kazi za kufanywa. Mifereji ya maji ya mvua na barabara za ndani zilijengwa kwa nguvu kazi ya wakazi wenyewe chini ya mikataba ya kijamii. Hanna Nassif ilionyesha kwamba mkazi aliyeona maji yakiingia ndani ya nyumba yake kila masika anafahamu mkondo wa maji hayo kwa namna ambayo ramani peke yake haiwezi kuonyesha.

Mpango kabambe na mpango kina

Mipango ya miji imegawanyika katika ngazi kuu mbili, na maoni yanayofaa katika ngazi moja huenda yasifae katika nyingine.

Mpango wa jumla, unaojulikana zaidi kama mpango kabambe, hutoa mwelekeo wa mji mzima kwa muda mrefu. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam ni wa mwaka 2016 hadi 2036, na wa Dodoma ni wa mwaka 2019 hadi 2039. Hapa huamuliwa mambo makubwa: mji upanuke kuelekea upande gani, viwanda viwe wapi, mabonde yapi yahifadhiwe na barabara kuu zipite wapi. Mpango huu huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi.

Mpango kina hushuka hadi kwenye kiwanja. Ndio unaoonyesha upana wa kila barabara ya mtaa, mahali pa shule, zahanati, eneo la wazi, soko na makaburi, pamoja na matumizi ya kila kiwanja. Uendelezaji upya wa eneo kongwe na urasimishaji wa makazi yasiyopangwa pia hufanyika kupitia mipango ya ngazi hii.

Mkazi anayesubiri mpango kina ili apinge barabara kuu ambayo tayari imo ndani ya mpango kabambe huwa amechelewa. Mpango wa ngazi ya chini hufuata ule wa juu.

Hatua ambazo mkazi husikilizwa

Hatua ya kwanza ni kusudio. Mamlaka ya upangaji hutangaza nia ya kuandaa mpango na kubainisha eneo litakalohusika. Matangazo hutolewa kwenye Gazeti la Serikali, magazeti ya kawaida na mbao za matangazo za halmashauri, kata na mtaa.

Hatua ya pili ni mikutano ya wadau. Wataalamu hueleza lengo la mpango, hukusanya takwimu na kupokea mahitaji ya wakazi. Katika ngazi ya mtaa, chombo muhimu ni mkutano wa wakazi, ambao huwajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sifa ya kuhudhuria ni ukazi, si umiliki wa nyumba. Mpangaji na mwenye nyumba wote wana haki ya kuzungumza, jambo lenye uzito katika miji ambako kaya nyingi huishi katika vyumba vya kupanga.

Hatua ya tatu ni kuwekwa wazi kwa rasimu. Mchoro hubandikwa mahali ambapo wananchi wanaweza kuukagua, na muda hutolewa wa kupokea maoni na mapingamizi. Kwa mkazi, hiki ndicho kipindi chenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa mpango umekwisha kuwa na sura inayoonekana lakini haujawa uamuzi.

Hatua ya nne ni vikao vya halmashauri. Rasimu hupita katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira na hatimaye Baraza la Madiwani, kabla ya kupelekwa kwenye mamlaka ya kuidhinisha. Diwani ndiye kiungo cha mkazi katika hatua hii, na ndiye pia mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Maoni yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa humpa hoja ya kusimamia barazani. Malalamiko ya mdomo humpa kazi ngumu ya kuyathibitisha.

Urasimishaji: makubaliano ya majirani

Katika urasimishaji, mkazi husikilizwa na pia huwa mshiriki wa kuamua. Wakazi huchagua kamati yao, hukubaliana juu ya michango ya upangaji na upimaji, na huketi na wataalamu kuainisha mipaka ya kila mmoja. Sheria ya Ardhi inataka wakazi waelezwe kuhusu mpango na maoni yao yapokelewe kabla haujaanza kutumika.

Suala gumu kwa kawaida ni njia. Gari la zimamoto au la wagonjwa haliwezi kupita kwenye uchochoro wa mita moja, hivyo mtaa hulazimika kupata barabara kutoka katika ardhi ambayo tayari ina wenyewe. Majirani wakikubali kila upande kutoa sehemu ndogo ya ua wake, hakuna nyumba inayobomolewa. Mmoja akikataa, mzigo huhamia kwa jirani wa ng'ambo au njia husitishwa na mtaa mzima hubaki bila barabara. Makubaliano ya namna hiyo hayawezi kuletwa na mtaalamu kutoka ofisini. Hupatikana katika mkutano wa mtaa, mbele ya majirani, na huwekwa kwa maandishi na saini.

Mabadiliko ya matumizi na maeneo ya wazi

Si kila uamuzi huja kama mpango wa mtaa mzima. Mwenye kiwanja cha makazi anayetaka kujenga hoteli, ukumbi wa starehe au kituo cha mafuta hulazimika kuomba kibali cha kubadili matumizi, na kusudio hilo hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kuweka pingamizi katika muda uliotajwa. Uwanja wa watoto kuchezea au eneo la wazi la mtaa nalo huweza kupotea kwa njia hiyo endapo hakuna anayesoma tangazo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uendelezaji upya na haki ya fidia

Uendelezaji upya wa maeneo kongwe ndio unaogusa maisha ya watu kwa uzito mkubwa zaidi. Mfano unaofahamika ni Magomeni Kota jijini Dar es Salaam, ambako nyumba za zamani zilibomolewa na kaya 644 zikalazimika kuondoka. Makazi mapya ya maghorofa yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 23 Machi, 2022, na kaya hizo zikapewa nafasi ya kurejea. Jambo la kuzingatia ni kwamba idadi ya wenye haki ya kurejea ilijulikana. Katika mradi wowote wa aina hiyo, orodha ya wakazi iliyohakikiwa kabla ya kubomoa ndiyo kinga ya kwanza ya mkazi.

Pale ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Vipengele vyake ni thamani ya soko ya mali, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya faida iliyopotea kwa wenye biashara. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya soko ya miezi 36, na ya usafiri kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa hadi kilomita 20. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya mwaka 2016 inaongeza riba pale malipo yanapocheleweshwa zaidi ya miezi sita.

Mkazi anashauriwa kuwepo siku ya uthamini, kuhakikisha kila kilichopo kimeandikwa, kutosaini fomu asiyoielewa na kubaki na nakala yake.

Maoni yenye uzito

Maoni yanayosaidia mpango hutaja mahali, tatizo na pendekezo. Kusema "hatuutaki mradi" humwacha mtaalamu bila la kufanya. Kusema kwamba mfereji uliochorwa upande wa mashariki utamwaga maji kwenye shule, na kwamba mkondo wa asili uko nyuma ya soko, humpa jambo la kwenda kuangalia. Maoni yaandikwe, yapelekwe ndani ya muda uliotangazwa, na mtoaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Asiyeridhika huanza kwa kuandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Kwa migogoro ya ardhi, Baraza la Kata husuluhisha, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza na kuamua, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Njia hizo ni haki ya kila mwananchi, ingawa huchukua muda na gharama kubwa kuliko kuhudhuria mkutano wa mtaa.

Kwa upande wao, viongozi wa mitaa na watendaji wana wajibu wa kuitisha mikutano kwa taarifa ya kutosha, kubandika rasimu mahali panapofikika, kueleza mchoro kwa lugha inayoeleweka na kurudisha mrejesho wa maoni yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pamoja na sababu zake. Mkazi naye, anapoona tangazo la mkutano kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, anapaswa kulisoma hadi mwisho. Huenda linahusu mstari utakaopita mlangoni pake.