UZI: Basari si sadaka, ni kiraka. Historia fupi kutoka Mji wa Kale

1/ Kila siasa zikichacha mjadala huu unarudi: nani kagawa basari nyingi, nani kazila. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka turudi nyuma kidogo. Hizi basari zilianzaje, na kwa nini zipo miaka yote hii na bado unakuta kijana wa sekondari anabeba mizigo Marikiti saa nne asubuhi, siku ya shule?

2/ Mimi ni mtoto wa Kibokoni. Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha 2, shule ya kutwa hapa hapa kisiwani, jina lake tuliache. Mamangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi. Deni letu la karo lilikuwa 11,000. Asubuhi moja majina yakasomwa gwarideni, langu likiwemo: "Nendeni mkalete karo." Tukatoka getini kama wezi.

3/ Basari niliomba. Fomu, kopi ya kitambulisho cha mzazi, ripoti ya shule, sahihi ya chifu, barua ya imamu. Ikatoka 5,000, mwezi wa 5. Kufikia hapo nilikuwa nimekosa jumla ya wiki 7 za masomo. Deni tulilimaliza na pesa za chama cha mamangu. Lakini hesabu zilizofundishwa wiki zile 7 hakuna hundi iliyonirudishia.

4/ Sasa historia. Msaada wa serikali kwa shule si jambo geni kisiwani. Wakati wa mkoloni pesa za elimu ziligawanywa kwa rangi: Wazungu fungu lao, Wahindi lao, Waarabu lao, na Mwafrika mwisho wa foleni. Shule ya Waarabu ilifunguliwa 1912. Allidina Visram, iliyojengwa kwa mali ya familia ya mfanyabiashara huyo, ilifunguliwa 1923 kwa watoto wa Kihindi. Swali la kwanza halikuwa "mtoto huyu anahitaji nini?" Lilikuwa "wewe ni nani?" Likumbuke swali hilo, tutakutana nalo tena.

5/ Uhuru ukaja. Mwaka 1974 ada ikaondolewa darasa la 1 hadi la 4 nchi nzima. Wanafunzi wa msingi wakaruka kutoka kama milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8 kwa mwaka mmoja tu. Raha? Kidogo. Shule zilijaa, madarasa hayakutosha, wazazi wakaanza kutozwa "pesa za ujenzi", na kwingine zilizidi hata ile ada iliyofutwa. Watoto wengi wakatoka tena. Karo ilifukuzwa mlangoni ikaingilia dirishani.

6/ Halafu 1988. Serikali, ikibanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji wa nje, ikaweka sera ya kugawana gharama: yenyewe ilipe walimu, mzazi abebe mengine. Watoto wa maskini wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Ndipo mwaka wa fedha wa 1993/94 ukaanzishwa mfuko wa basari wa sekondari.
Soma tena mpangilio huo. Kwanza nguo ilichanwa, kisha kikaletwa kiraka. Ndo maana nasema basari haikuzaliwa kwa ukarimu wa mtu.

7/ Mwaka 2003 mambo mawili yalitokea kwa pamoja.
Moja: shule ya msingi ikawa bure. Wanafunzi wakatoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hakuna aliyejaza fomu, hakuna aliyemwamkia mtu ofisini.
Pili: basari ya sekondari ikahamishiwa kamati za maeneobunge. Nia ilikuwa kuisogeza karibu na mwananchi. Ikasogea karibu na wanasiasa pia. Lile swali la mkoloni likarudi na sura mpya: "wewe ni nani, mtu wa nani?"

8/ 2008 ikaja sekondari ya kutwa bila ada: serikali ilipe 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. 2018 mgao ukapandishwa hadi 22,244. Hatua kubwa, tusiibeze. Ila chakula cha mchana, sare na nauli vilibaki kwa mzazi. Na mgao wenyewe unachelewa na kupungua: Julai 2025 Wizara ya Fedha iliwaambia wabunge kuwa uwezo uliopo ni kama 16,900 kwa mtoto. Pengo hilo shule italiziba wapi? Unajua jibu. Gwarideni.

9/ Na sheria inasemaje? Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaijumuisha sekondari humo, na inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Kwa hivyo mtoto anayeomba basari mara nyingi anaomba kusaidiwa kulipia kitu ambacho sheria imeshampa. Hapo mimi huchoka kabisa.

10/ Kwani pesa haisaidii mahudhurio? Inasaidia, tena sana, ila inategemea inafika wapi na lini. Kuanzia 2004 serikali ilijaribu kuzipa familia zinazolea mayatima pesa mkononi, na jirani zetu wa Kwale walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Utafiti uliofuata ulikuta shule ya msingi haikubadilika sana, maana ilikuwa bure tayari. Sekondari ndiko tofauti ilikoonekana: takriban watoto 8 zaidi darasani kwa kila 100. Shangazi au nyanya aliyepewa pesa zile alijua mwenyewe ni viatu, ni nauli au ni chakula.

11/ England nao walijaribu. Kuanzia 2004 kijana wa miaka 16 hadi 18 wa familia ya kipato cha chini alipata hadi pauni 30 kwa wiki, mradi ahudhurie. Ukikosa bila sababu, ya wiki hiyo huipati. Mpango ukafutwa huko 2011. Lakini angalia fikra yake: pesa ilifuata siku za masomo. Yetu hufuata kalenda ya kamati.

12/ Kwa hivyo tukirudi kwenye mabishano ya sasa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya mfuko wa maeneobunge inakiuka Katiba. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akazizuia kaunti kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu. Kesi zikafuatana, na mitandaoni tukagawanyika: hawa "mnawaua maskini", wale "futeni wizi huu".
Wa kwanza wana haki: ukikibandua kiraka leo bila kushona, mtoto anabaki uchi. Wa pili pia wana haki: miaka 30 ya viraka si nguo.

13/ Mimi ombi langu ni moja. Mtu akipanda jukwaani na hundi kubwa ya kadibodi, usimuulize ni milioni ngapi. Muulize: zitafika shuleni tarehe gani? Muhula ulifunguliwa tarehe gani? Na katikati hapo, watoto wako wapi?
Mimi nilikuwa barazani Kibokoni, kitabu cha hesabu mapajani, nikisubiri mwezi wa 5.