Mbao Mbili za George Haig

Kamera isiyosogea huzifanya nyota kuwa michirizi, kwani dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Wenye mali walinunua mitambo ya kuzifuata. Mwaka 1975 George Haig wa Scotland alieleza, katika jarida la Sky & Telescope, mtambo wa mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Bawaba huelekezwa kwenye ncha ya mbingu. Kisha parafujo yenye meno ya milimita 1, iliyowekwa milimita 229 kutoka bawabani, huzungushwa kwa mkono mara moja kila dakika. Kazi yachosha! Tena parafujo nyoofu haifuati duara, hata kosa hukua kidogo kidogo. Darubini ndefu ingelifichua mapema. Bali lenzi fupi, ionayo anga pana, hupata dakika kadhaa kabla Kilimia hakijaanza kuvurugika.