Mzazi, Kijana na Mwalimu wa Balehe katika Mbeya na Iringa

Aghalabu husemwa kwamba wazazi wa zamani walinyamaza mbele ya watoto wao katika mambo ya mume na mke, na kwamba kimya hicho ndicho walichorithi wazazi wa leo. Neno hilo ni nusu ya kweli. Historia ya nyanda za juu za kusini mwa Tanzania yaonyesha kuwa mzazi alinyamaza kwa sababu alikuwapo mtu mwingine aliyepewa kazi ya kusema.

Mfano ulio wazi ni wa Wanyakyusa wa Rungwe, katika Mbeya. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu wa mila na jamii, walichunguza maisha yao, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kiitwacho Good Company juu ya vijiji vya marika. Mtoto wa kiume alipotimiza miaka 10 hivi aliondoka nyumbani kwa babaye, akaenda kulala na wenzake wa rika moja katika vibanda walivyojijengea. Aliendelea kulima shamba la babaye na kula chakula cha mamaye, lakini usiku hakulala chini ya paa la wazazi. Sababu yake ilikuwa heshima: haikufaa mtoto anayekaribia balehe ayajue ya faragha ya wazazi wake. Kwa heshima iyo hiyo mke wa mwana alijitenga na baba mkwe, wasionane uso kwa uso. Msichana naye alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake waliomzidi umri.

Basi kimya cha mzazi hakikuwa uzembe. Pwani kazi hiyo ilikuwa ya somo na kungwi; huku ilikuwa ya rika na ya wanawake wazee. Methali yasema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini mama katika methali hiyo hakuwa mmoja. Alikuwa jamii nzima ya watu wazima waliojulikana kwa majina.

Wala utaratibu huo haukuwa mwema wote. Wasichana wengi waliposwa kabla ya kubalehe, na hiari yao ilikuwa ndogo. Mafunzo yalilinda ndoa na ukoo zaidi ya kumlinda msichana mwenyewe.

Mabadiliko yalikuja kwa njia nyingi. Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, wakafuatwa na shule. Dhahabu ya Lupa iliwavuta wanaume miaka ya 1920 na 1930, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliwaita wengine, na mashamba ya chai ya Mufindi, katika Iringa, yakataka mikono. Mwaka 1975 reli ya TAZARA ilikamilika, na binti za Iringa wakazidi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani. Vijiji vya marika vikatoweka, na mafunzo ya wazee yakapungua nguvu. Kimya cha mzazi kikabaki peke yake, bila mwalimu aliyekuwa nyuma yake.

Ulimwengu ulipokuja kufundisha, ada yake ilikuwa kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Lakini katika uchunguzi wa taifa wa 2022 hadi 2023, Iringa ilionekana kuwa na virusi kwa watu wazima 11.1 katika kila 100, na Mbeya 9.6, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, iliizidi mikoa yote.

Zahanati ikatakiwa kuchukua nafasi iliyoachwa na rika na bibi. Hapo ndipo mzozo ulipozaliwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilitaka mtoto wa chini ya miaka 18 apimwe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri huo hadi miaka 15. Mzazi mmoja aona kwamba mtoto ameokolewa na hofu ya kuomba ruhusa; mwingine aona kwamba amenyang'anywa mwanawe, na kwamba kijana apewaye kondomu ameonyeshwa njia.

Hofu hiyo yafaa isikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Yule baba wa Rungwe hakujua kila neno aliloambiwa mwanawe katika kijiji cha vijana, wala hakutaka kujua. Alitulia kwa sababu kijiji kile kilikuwa cha wana wa jirani zake. Mzazi wa leo hamjui mganga wa zahanati, wala hakualikwa kusikia afundishwayo mwanawe. Hivyo kinachomsumbua si elimu tu, bali ugeni wa mwalimu.

Tiba yake si kumrudishia mzazi ufunguo wa siri ya kijana, kwani siri hiyo hata zamani hakuwa nayo. Hapana budi zahanati ijulishwe kijijini, wazazi waelezwe mapema kitakachofundishwa na sababu yake, kisha kijana aachwe aingie peke yake. Heshima ya zamani ilijua kuyatenga mambo hayo mawili.